Kipande cha Ngonyani

Mimi nilimtuma mume wangu akajifunze useremala. Hilo naliweka wazi mwanzoni kabisa, maana watu wa Korogwe wanapenda kusema kwamba mimi ndiye niliyemharibu.

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Shamba la mkonge lilikuwa limesimama. Korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge, ilikuwa kimya mpaka popo wakahamia ndani yake, na kila wiki tuliambiwa mwekezaji yuko njiani. Ponsiano na wenzake walipunguzwa kazi wote siku moja, mchana, kabla ya chakula. Nje ya kambi nchi nzima ilikuwa imegeuka soko. Aliyekuwa mwalimu anauza mitumba, aliyekuwa karani anauza redio za Kichina, hata padri wetu alikuwa anafuga kuku wa kisasa nyuma ya kanisa. Mimi tangu zamani nauza kabichi na karoti za kwetu Vugiri pale sokoni Manundu, kwa hiyo soko huria lilinikuta nimeshaamka. Aliyekuwa amelala ni mume wangu.

Nikasikia chuo cha wananchi kule Handeni kinapokea watu wazima, bweni lipo, useremala mwaka mmoja tu. Nikamfungia nguo zake kwenye begi nikamwambia, "Baba Getruda, watu hawataacha kuhitaji milango. Nenda." Akaenda. Jumamosi ya pili akarudi na daftari lenye jalada la bluu. Nikalifungua nikitegemea michoro ya madirisha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa: HISTORIA NI NINI?

"Fundi," nikamwuliza, "randa iko wapi?"

Akasema darasa la useremala lilikuwa limejaa. Uongo mtupu, na hajui kudanganya, masikio yanamcheza. Ukweli ni kwamba alipanga foleni ya useremala mpaka akakaribia meza, akaona meza ya pembeni haina mtu. Palikuwa na kozi mpya ya masomo ya sanaa kwa watu wazima: historia, Kiswahili, jiografia na uraia. Waliojiandikisha walikuwa wanne. Mwalimu wake, kijana mmoja aitwaye Yordani, alikuwa amekaa pale peke yake anachora chora kwenye karatasi, na Ponsiano alipomsalimia, yeye akamwuliza, "Mzee, unapenda kujua nini?"

"Mama Getruda," mume wangu akaniambia, "nina miaka arobaini na sita. Sijawahi kuulizwa swali hilo."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilinuna mpaka Jumapili usiku. Jumatatu alfajiri nikampa kabichi mbili ampelekee huyo mwalimu, maana adabu ni adabu.

Ponsiano Ngonyani ni mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba ya mkonge, mpole mpaka anaudhi. Alizaliwa Kambi Namba Mbili, kwenye mstari wa Wangoni. Zamani manamba waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde, na kila kabila likapewa mstari wake wa nyumba. Wazee walikufa, wajukuu wakawa wakulima na wachuuzi, lakini mistari ilibaki. Ponsiano hajafika Songea hata siku moja, ila ukimwuliza kwao ni wapi, kifua kinatangulia ndipo jibu linafuata: Songea. Tena alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wangoni, mwaka wake wa tisa. Msiuone Umoja ule kuwa mchezo. Mtu wa kuja hana ukoo wa kumchimbia kaburi, ana Umoja. Ndio waliokuwa wanauguza, wanalisha wafiwa na kuzika. Na siku za furaha walicheza lizombe, ngoma yao, na hakuna mtu kutoka Mombo mpaka Segera aliyeikanyaga kama mume wangu.

Mimi ni Mshambaa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kiburi cha milimani. Ponsiano alipokuja kuposa alimwambia, "Mtu wa kambini hana kwao. Mwanangu akifiwa na mume atamzika wapi?" Ponsiano akajibu, "Mimi ni Mngoni wa Songea, mzee. Kwetu kunajulikana." Hilo jibu ndilo lililonioza.

Sasa mwenyekiti huyu akawa mwanafunzi. Wiki nzima yuko Handeni, Jumamosi anarudi na mambo mapya. Kambini walimcheka. "Ponsiano, historia inapigiliwa misumari ya inchi ngapi?" Yeye anacheka nao. Aliyekuwa anakoma ni mimi, maana alijifunza neno "chanzo". Mwalimu Yordani aliwafundisha kwamba habari isiyo na chanzo ni uvumi tu. Basi nikileta zangu za sokoni, kwamba mke wa fulani amehama, ananitazama kwa upole na kuniuliza, "Chanzo chako ni nani?" Ndoa nyingi zimevunjika kwa makosa madogo kuliko hilo.

Lakini nitasema kweli: alikuwa amechangamka. Tangu korona izimwe alikuwa anatembea kama mtu aliyesahau kitu dukani. Sasa alikuwa anasoma akila, anasoma akioga. Usiku hata taa ya mafuta ilianza kuisha upesi, nami nikanyamaza.

Bwenini kitanda chake kilipakana na cha mfugaji mmoja wa Kang'ata, jina lake Moreto, aliyekuja kusoma uraia kwa sababu alichoka kudanganywa na viongozi wa kijiji kuhusu mipaka ya malisho. Moreto alimwuliza siku moja, "Ukoo wenu ni upi? Na ng'ombe wenu wana alama gani?" Ponsiano akasema Songea. Moreto akamwambia, "Hilo ni jina la mji. Mimi nakuuliza watu." Kumbe mwenyekiti wa Wangoni hakuwajua watu wake. Baba yake hakuwahi kumtajia shangazi wala babu, hata kijito kimoja cha huko kwao.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kila mwanafunzi aandike historia ya kwao, aisome mbele ya watu siku ya kufunga chuo, ndipo apewe cheti. Ponsiano akaamua ataandika jinsi baba yake alivyotoka Songea. Chanzo akakijua: Mzee Isihaka wa Makuyuni, Mzigua, karani wa mahudhurio enzi za Mwingereza. Ndiye aliyekuwa anagawa vipande, zile kadi za manamba zenye visanduku thelathini, kila siku ya kazi alama moja.

Tulikwenda wote. Mzee alikuwa amekaa kibarazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mgosi. Karibuni. Hizo kabichi ni zangu?"

"Ni zako, mzee."

"Basi ulizeni."

Ponsiano akafungua daftari, akamwuliza jina, umri na kazi, kama alivyofundishwa. Mzee alifurahi sana. Saa nzima ya kwanza alitueleza uzuri wa mwandiko wake. Nilikuwa naanza kusinzia Ponsiano alipouliza, "Na baba yangu, Ngonyani, ulimjua?"

"Nisimjue vipi? Jina nilimpa mimi."

Usingizi ukanitoka.

"Ngonyani mwenyewe," mzee akasema, mikono bado iko kwenye mbaazi, "alikuja na kundi kutoka Songea. Akafanya kazi siku kumi na moja. Ya kumi na mbili hayupo, katoroka. Kipande chake kimebaki mezani kwangu na alama zake kumi na moja, na mzungu anataka watu watimie. Asubuhi yake akatokea kijana, katembea kwa miguu kutoka Uha, kule Kasulu. Hana mkataba, hana karatasi, miguu imevimba hivi. Nikamwuliza jina. Akalitaja. Nikasema rudia. Ntiruhungwa. Nikatazama nafasi ya jina kwenye kadi, nikaona hili halienei. Nikamwambia, kijana, kuna mtu hapa ameshakufanyia kazi siku kumi na moja. Chukua. Kuanzia leo wewe ni Ngonyani wa Songea."

"Baba alisema nini?" Ponsiano akauliza. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Aliuliza kama Ngonyani anapewa chakula leo au kesho."

Mzee akacheka, halafu akaona hatucheki.

"Wiki ya kwanza likiitwa jina haitiki, nyapara akamfutia siku mbili. Wiki ya pili akaitika. Na kwa kuwa kadi inasema Songea, akapewa kitanda mstari wa Wangoni. Mgosi, sikumfanyia ubaya. Wengi walifanya kazi kwa vipande vya watoro. Ila wengine mkataba ukiisha walirudi kwao na majina yao. Yeye hakurudi."

Njiani Ponsiano alitangulia mpaka tukavuka reli. Kisha akasimama. "Mama Getruda, unazikumbuka siku mbili za mwisho za baba?"

Nilizikumbuka. Kikombe nilikishika mimi. Baba mkwe alikuwa anasema, anasema, anatutazama mmoja mmoja kama mtu anayengoja jibu. Wazee wa Kingoni waliinama wakatega masikio, hakuna aliyeambulia neno. Tukasema ni homa, anaweweseka.

"Haikuwa homa," Ponsiano akasema. "Alikuwa anaomba kitu kwa lugha ya kwao. Na mimi mwanawe nikamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso."

Nililia pale pale kwenye reli, na karoti zangu kichwani. Mpaka leo likinijia nalia.

Lakini nilipofika nyumbani machozi yalishakauka, hasira ikawa tayari. Miaka ishirini na mbili nimekuwa mke wa Mngoni! Nimejifunza nyimbo zao, nimepiga vigelegele kwenye lizombe mpaka koo likapasuka, nimemtambia kila wifi wa Vugiri. Ila hasira yenyewe ilikuwa ni hofu. Nikamwambia, "Usiandike hilo. Andika habari za Wajerumani. Wamekufa, hawanuni."

"Nitakuwa nimeandika uongo kwa mwandiko mzuri."

"Na Umoja? Ukisoma hayo mbele za watu, kesho nani atakuita mwenyekiti? Ukifa nani atakuchimbia? Songea si kwenu, Kasulu hawakujui, na Vugiri ni kwa wakwe. Nitakuzika na kabichi?"

"Najua," akasema. Akaendelea kuandika. Mwezi ule mzima suruali zake zilimlegea, hakula vizuri hata Jumapili.

Siku ya kufunga chuo nilifika Handeni mapema, nikakaa mbele. Nilikuwa bado naomba mvua inyeshe, au mgeni rasmi aharibikiwe na gari, chochote kile. Badala yake nikasikia ngoma. Lori la mchanga linaingia getini, na juu yake Umoja mzima wa Wangoni, kofia, manyanga, akina mama na khanga zao za sare. Wamekuja kumchezea mwenyekiti wao! Mbele amesimama makamu wake, Mzee Denis Gama, aliyekuwa msimamizi wa korona, na sauti ya kushindana na mashine hajaiacha. "Mwenyekiti msomi!" ananguruma. "Yuko wapi?"

Nikamtazama Ponsiano pale jukwaani. Nikamwambia kwa midomo, bila sauti: Wajerumani. Akatikisa kichwa.

Walipewa vyeti kwanza, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na haraka, kisha wakasoma. Moreto alisoma habari za mipaka ya malisho ya Kang'ata, viongozi wa kijiji wakakohoa. Ikafika zamu ya Ponsiano. Kurasa saba. Alisoma taratibu, bila kuficha hata tone: mtoro, kipande, miguu iliyovimba, swali la chakula. Akasoma na siku mbili za mwisho za baba yake, pamoja na kile kitambaa cha maji. Akafunga daftari.

Hapakuwa na makofi. Mzee Denis akasimama.

"Mwenyekiti. Kwa hiyo miaka tisa tumeongozwa na Mha."

"Ndiyo, mzee."

"Na wajukuu zetu lizombe wamefundishwa na Mha."

"Ndiyo, mzee."

"Na baba yako tulimzika sisi. Kwa nyimbo za Kingoni."

"Mlimzika ninyi," Ponsiano akasema. "Sijasahau. Asanteni."

"Basi uenyekiti umekwisha hapa hapa. Mha hawezi kuwaongoza Wangoni."

Nikaanza kutafuta begi langu kwa mkono, nikijiambia tutatoka kwa heshima. Lakini Mzee Denis hakukaa.

"Hebu turudishe pale uliposema habari za babu zetu."

Ponsiano akafungua tena. "Ukurasa wa tano. Karne iliyopita Wangoni walioitwa Watuta walipita nchi za magharibi, wakavamia mpaka Uha, wakachukua ng'ombe na watu."

"Chanzo?" Mzee Denis akauliza.

Jamani! Hata huyu alishaambukizwa.

"Kitabu cha maktaba ya hapa, mzee."

"Tuliwapiga?"

"Mlitupiga."

Mzee Denis akageukia lori lake. "Mmesikia? Wahehe ni watani wetu kwa sababu gani? Tulipigana nao tukachoka. Huyu kumbe hakuwa ndugu. Ni mtani! Na mtani ni wa maana kuliko mwenyekiti. Mwenyekiti akikosekana, mkutano unaahirishwa. Mtani akikosekana, nani atakuja kutuchekesha siku tunazika?"

Kijana mmoja wa Umoja akanyoosha kidole. "Mzee, mimi utani wa Waha na Wangoni sijawahi kuusikia."

"Umeusikia leo."

Kisha akapanda jukwaani kwa miguu yake ya kizee, akamnyang'anya Ponsiano cheti mkononi, akakikunja, akakitia ndani ya koti. Mtani huchukua cha mtani na hakuna polisi. "Ukikitaka," akamwambia, "njoo ukidai mazishini kwangu."

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Kang'ata. Lizombe ikaanza. Ponsiano alipotaka kuingia kwenye mstari walimfukuza: "Toka Mha, unatuharibia ngoma!" Akacheza pembeni peke yake, na bado aliwashinda wote.

Mkiniuliza elimu ile ilimfaa nini, sijui niwajibu vipi. Mlango hajatengeneza hata mmoja; wa kwetu umelegea bawaba hadi leo. Alifundisha kisomo cha watu wazima kambini, akaandika barua na muhtasari wa vikao, na siku za soko alibeba kabichi zangu. Lakini watu walianza kuja mmoja mmoja, kwa aibu kidogo, Wabena na Warundi na Wamakonde: "Ponsiano, nitafutie kwetu." Anakaa nao, anafungua daftari, anauliza jina, umri na kazi. Wengine waliondoka na majina mawili. Kwenye msalaba wa baba yake aliongeza jina la pili kwa rangi nyeupe, na ni kweli, Mzee Isihaka alikuwa sahihi, halienei. Herufi za mwisho zimepinda kwenda chini.

Cheti hakukipata. Kila alipokutana na Mzee Denis alikidai, na kila mara alijibiwa, "Kamwulize Ngonyani, yule aliyetoroka." Miaka minne. Mwalimu Yordani alijitolea kumwombea kingine, Ponsiano akakataa.

Mzee Denis alifariki mwaka elfu mbili na mbili, mvua za vuli zimeanza. Makaburini watu walikuwa wengi na wamenyamaza, kwa sababu alikuwa mtu anayependwa kweli. Jeneza lilipofika, Ponsiano, amevaa suti yake ya kanisani, ile moja, akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Haingii mtu humu!" akapiga kelele kutoka chini. "Wangoni mlichukua ng'ombe wa babu zangu nikanyamaza. Sasa nadai cheti changu!"

Watu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Mjane, Mama Gama, naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akamtuma binti yake nyumbani, tukangoja, na Ponsiano chini kule anaendelea kumtukana marehemu kwa mambo ya korona. Binti akarudi na kitambaa kilichofungwa vizuri. Mama Gama akakifungua. Ndani mlikuwa na vitu viwili: kipande cha Denis Gama mwenyewe, cha ujana wake, visanduku vyote thelathini vimejaa, na cheti cha mume wangu, kimenyooshwa mikunjo yote.

Wakamteremshia. Ponsiano akakiweka kifuani. Alilala hivyo muda mrefu kuliko utani unavyotaka, mpaka nikasogea ukingoni nichungulie. Alikuwa amefumba macho.

"Pamelala sawa, Gama," nikamsikia anasema polepole. "Mlimlaza baba yangu, nami nimekupimia."

Ndipo akanyoosha mkono, vijana wa Umoja wakamvuta, wakamzika mtani wake.

Cheti kiko ukutani kwetu, juu ya meza. Kina udongo kwenye pembe moja. Getruda alitaka kuufuta, nikamkatalia.